Tulipeni kwa Kutafuta

Huku kwetu Lubudi, Kongo, fundi wa tovuti hulipwa kwa alichobadilisha. Muda aliotumia kutafuta ubovu hakuna anayetaka kuulipia. Ukikesha ukisoma rekodi za seva hadi ujue kwa nini tovuti imekufa, kisha ukarekebisha mstari mmoja, mteja anakutazama: “Sasa fundi, umefanya nini hapo?”

Ndiyo maana wenzangu wengi, hadi Kolwezi, hufuta kila kitu na kuanza upya. Kufuta kunaonekana, na kunalipwa.

Mama mmoja anayeuza vipuri Fungurume aliniita tovuti yake ilipokuwa ikiandika kosa namba 500. Fundi wa kwanza alikuwa ameshaifuta bila kuchukua nakala, akaisimika upya, akapokea pesa zake. Picha na bei ambazo binti wa mama huyo aliziingiza kwa miezi zikapotea. Mwezi haukuisha, 500 ikarudi. Tovuti yenyewe haikuwa na ubovu: sanduku la barua pepe, linalotumia nafasi ileile ya seva, lilikuwa limejaa matangazo ya kihuni yaliyopenya kwenye fomu ya oda. Nafasi ikiisha, hifadhidata haiwezi kuandika. Nilisafisha sanduku na kuifungia fomu mlango. Basi.

Ajabu ni kwamba mama huyo anawauzia watu wa migodini, na mgodini hakuna ubishi kuhusu kutafuta ubovu kwanza. Lori kubwa likisimama, kwanza kompyuta inachomekwa, namba ya kosa inasomwa, ndipo spana inashikwa.

Tovuti nayo inatoa namba. Inayoanza na 4, kama 404, inaonyesha ombi lina kasoro: labda anwani imekosewa au ukurasa umeondolewa. Inayoanza na 5 inasema seva imeshindwa. Fundi anayetaja bei kabla ya kuuliza namba gani imetokea, mwogopeni.

Tena kuna siku tovuti ni nzima kabisa. Saa ya simu ikirudi nyuma miaka kadhaa baada ya betri kuisha, kivinjari hukataa cheti cha usalama na kumwonya mwenye simu kana kwamba tovuti ni ya wezi. Na serikali ilipokata intaneti nchini, siku moja baada ya uchaguzi wa 30 Desemba 2018, kwa karibu siku 20, tovuti zetu zilizowekwa kwenye seva za Ulaya zilikuwa hai. Tuliokatwa ni sisi.

Kwa hiyo, papa na mama wenye maduka, kubalianeni na fundi bei ya kupima peke yake. Achukue nakala kabla ya kugusa chochote, kisha awaandikie chanzo cha tatizo kwa maneno mnayoyaelewa. Mlipeni hata kama jibu lake ni kwamba mrekebishe saa ya simu.