Pampu na Ibebwe na wa Nyuma

Mwanzo wa ngoma ni lele, walisema wahenga. Nami mwanzo wa safari ya baiskeli naujua. Miaka mingi iliyopita tulitoka Nairobi watu watano kwenda Mombasa. Siku ya pili, karibu na Kibwezi, nilipata pancha. Wenzangu wenye miguu myepesi walikuwa wamekwisha tangulia, na pampu wanayo wao. Nilirudi nyumbani juu ya lori.

Kila nikumbukapo aibu ile, huwawaza askari 20 Weusi wa Kikosi cha 25 cha Marekani. Jeshi lilitaka kujua kama baiskeli yaweza kushika mahali pa farasi. Tarehe 14 Juni, 1897, wakiongozwa na Luteni James Moss, walitoka karibu na Missoula, jimboni Montana, kwenda St. Louis, mwendo wa kilomita 3,000 hivi. Siku za mwanzo mvua iliwapiga, matope yakanata magurudumuni, na mlimani wakakuta theluji. Mara nyingi walizikokota baiskeli kwa miguu. Lakini vipuri walivibeba, na fundi alikuwa mmoja wao. Siku ya 41 St. Louis iliwapokea.

Vijana wetu wanaojiandaa kwa safari kama hizo nawasihi: siku tatu za kwanza si za mashindano. Mwendo na uwe wa aliye dhaifu, na pampu ibebwe na anayekwenda nyuma kabisa.