Wawili katika gari moja



Wiki hii hatuanzi na bei ya unga, wala na pesa za shule. Tunaanza na mkutano wetu wa siku ya posho iliyopita. Wengi wenu mlikuwapo, mkasikia maneno yaliyosemwa. Wale ambao hawakuwapo wamekwisha kuyasikia sokoni, tena yakiwa yameongezewa chumvi. Basi tuyaweke hapa kama yalivyo.

Katika mwezi wa pili tulituma wenzetu wawili Kasenga, kununua samaki wakavu kwa pesa za ushirika: franka 1.500.000. Mmoja ni yaya wetu, mwenye miaka mingi katika biashara ya samaki. Mwingine ni mdogo, anayejua kuandika na kuhesabu vizuri. Kwenda walienda salama, na kununua walinunua vizuri. Katika kurudi, dereva wa kamyo waliyokodi akasema kwamba anajua kijia cha kuepuka pahali pabaya penye matope. Wakaingia porini. Kijia kikagawanyika, kikagawanyika tena, mwisho kamyo ikazama. Walilala siku mbili mvuani, chini ya turubai lililotoboka. Samaki walilowana, wakaota funza. Kilichobaki tuliuza kwa bei ya kutupa.

Tangu siku ile wale wawili hawasalimiani. Yaya anasema: "Yeye ndiye alikaa mbele na dereva. Aliona njia inaharibika, akanyamaza." Mdogo anasema: "Yeye ndiye mkubwa, na pesa zilikuwa kwake. Mimi nilingoja aseme neno." Katika mkutano nusu ya wamama walikuwa upande huu, nusu upande ule, na swali lilikuwa moja tu: nani atalipa?

Hata sisi wa komite tulikuwa tunatafuta mwenye makosa. Tulikuwa karibu kukata neno. Halafu, jioni ileile, mtoto wa mwenzetu mmoja, anayesoma kule Moroko, akatutumia video katika simu. Tuliiangalia sote saba juu ya simu moja, vichwa vimegusana. Ndiyo maana wiki hii tunawapeleka jangwani.

Kule Moroko kuna mashindano ya magari yanayoitwa Rallye Aïcha des Gazelles. Yalianzishwa mwaka 1990 na mwanamke Mfaransa, Dominique Serra. Wanaoshindana ni wanawake tu. Wanatoka katika nchi nyingi, na wengi wao si madereva wa kazi. Katika gari huwa wanakaa wawili: mmoja anashika usukani, mwingine anasoma ramani. Hawapiti barabarani. Wanapita katika mawe, katika mito iliyokauka na juu ya vilima vya mchanga, karibu na Merzouga na sehemu nyingine za kusini ya nchi.

Tunajua mnavyofikiri: mashindano ya magari ni mbio. Sisi pia tulifikiri hivyo. Lakini hapa anayekimbia hapati zawadi ya kukimbia. Kinachohesabiwa ni kilomita. Asubuhi kila timu inapewa orodha ya vituo vya kufikia siku ile, na kila kituo kina bendera nyekundu. Timu inayofika kwenye vituo vyote kwa kupita kilomita chache zaidi, ndiyo ya kwanza. Wanaokosa kituo wanaongezewa kilomita za adhabu. Kwa hiyo mtu anaweza kwenda polepole siku nzima na kumshinda aliyetimua vumbi.

Tena hawana GPS. Simu zao zinafungiwa mpaka mwisho. Wanachopewa ni ramani za zamani zisizo na rangi. Kazi yao wanaifanya kwa rula, kalamu na dira, kile chombo chenye sindano inayoonyesha kaskazini. Wanaamka saa kumi za usiku, kukiwa giza na baridi, wanakaa na taa ya kichwani na kuchora vituo juu ya ramani. Wakubwa wa mashindano wanaona kila gari kwa setilaiti, kusudi asipotee mtu akafa, lakini hawamwambii mtu pa kupita. Na kuna siku ambapo safari ni ya siku mbili: timu hazirudi kambini, usiku ukiingia wanalala palepale jangwani, kando ya gari.

Sasa wamama, sikilizeni jinsi kazi inavyofanyika, maana hapo ndipo tulipoanza kutazamana.

Yule wa ramani hasomi dira akiwa ndani ya gari. Anashuka, anatembea hatua nyingi mbali na gari, ndipo anainua dira. Kwa nini? Kwa sababu chuma cha gari kinavuta sindano, nayo inadanganya. Akishaona upande wa kwenda, anatafuta alama mbele: jiwe jeusi, mti mmoja, mkato wa mlima. Anarudi, anamwonyesha dereva: "Unaona jiwe lile? Twende pale." Wakifika pale, anashuka tena. Mara nyingine anatembea mbele ya gari kwa miguu, akitafuta pa kupitisha magurudumu. Hivyo tangu asubuhi mpaka jioni.

Dereva naye hangoji tu kuambiwa. Macho yake yako chini: mawe yanayoweza kupasua mpira, mchanga unaoweza kumeza gari. Anaangalia hesabu ya kilomita na kumwambia mwenzake: "Tumepita tatu, ulisema kilima kingekuwa hapa. Kiko wapi?" Yaani mmoja anajua upande, mwingine anajua wamekwenda umbali gani. Ukimnyamazisha mmoja, gari zima limekuwa pofu.

Na vilima vya mchanga? Hapo ndipo kuna shauri gumu. Kupita juu moja kwa moja ni karibu, lakini gari linaweza kuzama. Kuzunguka ni salama, lakini kilomita zinaongezeka. Hakuna jibu moja kwa siku zote. Asubuhi mchanga ukiwa bado baridi unashika kidogo, jua likipanda unalegea. Wanapunguza pumzi katika mipira ili gurudumu lilale juu ya mchanga. Wakizama, wanachimba kwa pawa, wanaweka vibao chini ya magurudumu, wanajaribu tena. Wakiita mafundi wa mashindano, wanapata adhabu. Lakini timu moja inaweza kusaidia nyingine, na mara nyingi wanasaidiana. Katika video tuliona wanawake wanne wamepiga magoti mchangani, wakichimba chini ya gari la timu nyingine, na kilomita zao wenyewe zikiwangoja.

Lakini kilichotugusa zaidi ni jambo dogo. Gari lilikuwa linatembea katika uwanda mkubwa usio na alama. Ghafla yule wa ramani akainua mkono, gari likasimama. Akasema hajui tena wako wapi. Hivyo tu. Mwenzake hakupiga usukani kwa ngumi, hakuuliza "Ulikuwa unaangalia wapi?" Alizima gari. Wakashuka wote wawili, wakatandaza ramani juu ya boneti, wakatafuta pahali pa mwisho walipokuwa na hakika napo. Wakarudi mpaka pale, wakaanza tena.

Mtoto wetu alitueleza kwa nini. Kule kila kilomita unayotembea baada ya kuanza kuwa na mashaka, inahesabiwa. Anayesema mapema "tumepotea" anapoteza mbili au tatu. Anayeona haya kusema anapoteza ishirini, na jioni bado atasema. Tena hesabu ni moja. Hakuna kilomita za dereva na kilomita za msoma ramani. Mwisho wa siku inaandikwa timu.

Mama mmoja wa komite akafunga simu na kusema: "Wenzetu hawa, nani aliwaambia kwamba wana haki ya kusimamisha kamyo?"

Hakuna aliyejibu, wamama, kwa sababu jibu tulilijua. Hakuna. Sisi ndio tuliwatuma. Tulihesabu pesa mbele ya wote, tukaandika katika daftari, tukaomba safari njema. Lakini hatukusema ni nani anaamua juu ya njia na nani anaamua juu ya pesa. Hatukusema kama wanaweza kutoa franka za kulala siku moja barabarani ili wangoje matope yakauke. Hatukusema kwamba mdogo anaweza kumkatiza mkubwa bila kuitwa mkosa adabu. Yaya alifikiri mdogo anapatana na dereva. Mdogo alifikiri si kazi yake kusema mbele ya yaya. Wote wawili walikwisha kuona kwamba wamepotea, tena walituambia saa ileile: mbele ya muembe mkubwa, kwenye kijia cha pili. Toka pale mpaka kamyo ilipozama, walitembea zaidi ya saa moja kimya, kila mmoja akingoja mwingine.

Adabu ni kitu kizuri, na hatutaki watoto wetu waipoteze. Lakini kuna njia ya kusema kwa adabu. "Yaya, nisamehe, moyo wangu hautulii juu ya njia hii." Maneno hayo hayamvunjii mtu heshima, na yangeokoa magunia ya samaki.

Hatusemi kwamba tuko sawa na wanawake wale. Mashindano yao ni ya pesa nyingi. Timu nyingi zinapitisha miezi zikitafuta watu wa kuzisaidia kulipa. Wao wakizama mchangani ni mchezo waliouchagua, na waganga wako karibu. Sisi tukizama ni chakula na shule ya watoto. Lakini kwa sababu hiyohiyo, ikiwa wao kwa mchezo wanapatana kabla gari halijawashwa, sisi kwa pesa za wamama thelathini tungeachaje?

Basi komite imekata neno hivi, nalo litasomwa tena mkutanoni ili mlikubali au mlikatae. Hasara ya samaki haitalipwa na yaya, wala na mdogo. Itabebwa na ushirika wote, kidogo kidogo kwa miezi sita, na sisi wa komite tutaanza kutoa. Na safari ijayo ya Kasenga, mvua ikiisha, tunaomba waende walewale wawili. Wanaijua njia mbaya kuliko sisi sote.

Lakini kabla ya kuondoka tutakaa nao na kuandika mambo manne:

Kwanza, nani anashika nini. Yaya atachagua samaki na kupatana bei. Mdogo atashika pesa na daftari. Juu ya njia, wote wawili watakubali, au gari halitageuka.

Pili, yeyote kati yao akisema "tusimame", gari litasimama. Hataulizwa kwanza kwa nini. Dereva ataambiwa hivyo mbele yetu, kabla ya kupewa franka ya kwanza.

Tatu, wakiwa na mashaka watarudi mpaka pahali pa mwisho wanapopajua, hata kama ni mbali, hata kama dereva ananung'unika juu ya mafuta. Watakuwa na pesa kidogo za kando kwa ajili ya hiyo, na za kulala siku moja.

Nne, wakirudi, wataleta habari pamoja, wakisimama pamoja. Hatutasikiliza mmoja nyuma ya nyumba na mwingine sokoni.

Siku ya pili baada ya video, wawili wa komite walikwenda kwa yaya, wawili wakaenda kwa mdogo. Hatukubeba maneno mengi. Tulionyesha video ile. Yaya aliangalia mpaka mwisho, akauliza kama wale wanawake wa jangwani ni ndugu. Tukamwambia kuna ndugu, kuna rafiki, kuna wanaofanya kazi pamoja. Akanyamaza, kisha akasema: "Yule mdogo alinifunika na kikwembe chake usiku wa pili. Hilo sikulisema mkutanoni." Tulimwomba alisemee mkutanoni. Hajajibu bado. Siku ya posho tutajua.

Kwa mkutano wa wiki hii, kila kikundi kizungumze juu ya maswali haya:

Katika likelemba yenu, nani ana ruhusa ya kusema "tusimame"? Anajua kwamba anayo?

Katika nyumba yako, ni jambo gani ambalo wewe na mume wako, au wewe na mkwe wako, mmeona wote wawili kwamba limepotea njia, na kila mmoja anangoja mwingine aseme?

Mara ya mwisho kikundi kilipopata hasara, mlitafuta mtu, au mlitafuta kile kijia cha pili?

Mje mapema, wamama. Viti ni vichache, na anayekuja na mtoto mgongoni apewe cha kwanza.