Daftari la Programu Lisifungiwe Sandukuni

Iko desturi moja katika chama chetu cha kompyuta ambayo naona yafaa ikomeshwe. Mtu akiisha kutumia wiki mbili kutafuta namna ya kuifanya kompyuta isome tarehe zilizoandikwa kwa mitindo miwili, huandika jibu lake katika daftari, kisha hulifungia sandukuni pamoja na sukari yake. Akimaliza Senior Six huondoka nalo. Mwaka ufuatao kijana mwingine huanza wiki mbili zile zile. Kompyuta zetu ni chache, na umeme hukatika upendapo. Wiki mbili si kitu cha kutupa.

Wala kuweka vipande vya programu kwa faida ya wengine si jambo jipya. Huko Cambridge, Uingereza, kompyuta iliyoitwa EDSAC ilianza kazi mwezi wa Mei, 1949. Maurice Wilkes na wenzake hawakutaka kila mtu aandike kila kitu tangu mwanzo. David Wheeler alibuni njia ya kukiita kipande kilichokwisha andikwa, kikafanya kazi yake, kisha mashine ikarudi pale ilipoachia. Vipande hivyo vilitobolewa katika utepe wa karatasi na kuwekwa kama vitabu vya maktaba, mwenye haja achukue. Kufika 1951 vilikuwa 87, na mwaka ule ule Wilkes, Wheeler na Stanley Gill wakatoa kitabu cha kuvieleza, hata walio mbali wapate kufaidi. Mashine ilikuwa moja, na wenye haja nayo wengi. Je, si sawa na hali yetu?

Marekani nako, Grace Hopper na wenzake, walioitumia mashine ya Harvard tangu 1944, walikuwa na madaftari yao ya vipande na wakiazimana. Lakini mama huyu aliona jambo ambalo wengi hawakulijali: binadamu ni mnakili mbaya. Tarakimu moja ikigeuka, hesabu nzima imekwenda. Basi mwaka 1952 akatengeneza programu iliyoitwa A-0, ili mashine yenyewe ifanye kazi ya kuviunganisha vipande.

Wako wenzetu wasemao ya kwamba kugawana vipande ni kufundishana uvivu. Neno lao lina uzito, nami sitalipuuza. Katika mtihani, kunakili ni wizi, basi. Lakini tunapotengeneza programu ya kuhesabu vitabu vilivyoazimwa, hatushindani na mtu. Fundi wa nguo ana karatasi zake za kukatia. Hakuna amwitaye mvivu kwa kuwa hakupima kola upya kwa kila shati. Mvivu ni yule achukuaye karatasi ya shati akakatia suruali. Mwenye kuchukua kipande asichoweza kukieleza mstari kwa mstari, huyo ndiye wa kukaripiwa, si aliyekiandika.

Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walisema. Mimi naongeza kwamba daftari bila tarehe nalo hupoteza watu. Chukueni mfano wa lugha ya Python. Katika Python 2, ukijumlisha alama 50, 61 na 62 ukapata 173, kisha ukagawanya kwa 3, kompyuta ilijibu 57, ikatupa kilichobaki bila kusema neno. Python 3, iliyotoka mwaka 2008, hujibu 57.66 na zaidi. Python 2 iliachwa kutunzwa tangu Januari 1, 2020, lakini maandishi yake yangali yakizunguka mabwenini. Mtu akinakili hesabu ile bila kujua ni ya toleo gani, huenda akampunguzia au kumwongezea mwenziwe alama, na kompyuta haitaona haya. Kwa hiyo kila kipande kiandikwe kazi yake, toleo la lugha, tarehe, jina la aliyekijaribu, na hasa mahali kinaposhindwa. Hilo la mwisho ndilo watu huliruka, kwa kuwa hakuna apendaye kuonyesha kovu. Na neno la siri la mtu lisiandikwe humo kamwe! Nimekwisha yaona mawili.

Chama kimenunua daftari kubwa lenye jalada gumu, nalo limewekwa maktabani, si katika chumba cha kompyuta, ili lisomwe hata umeme ukikatika. Kurasa kumi na moja zimejaa. Wanafunzi wa zamani mlioondoka na madaftari yenu, hatuwadai myarudishe. Pigeni picha za kurasa mtuletee, pamoja na mwaka mlioandika. Hata zile za Python 2 twazitaka. Tutaziandika upya, na kuzijaribu moja moja kabla ya kuziweka.