MGENI ALIYEPEWA JEMBE SI MGENI TENA

Hakuna ubaya kumwita mtu kwa jina la kwao. Kiswahili kimejaliwa wepesi wa pekee katika jambo hili: mtu wa Kenya ni Mkenya, wa Pemba ni Mpemba, wa Amu ni Mwamu. Neno Mswahili lenyewe latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pwani. Katika Maandiko, Ruthu ni Mmoabi, na Simoni aliyeubeba msalaba ni Mkirene. Yule aliyemhurumia majeruhi njiani hatujui hata jina alilopewa na mamaye. Twajua tu kwamba alikuwa Msamaria. Bwana wetu aliitwa Mnazareti, ijapokuwa Nathanaeli alitilia shaka kama jambo jema laweza kutoka katika mji ule.

Jina la asili, basi, husimulia mtu ametoka wapi. Ubaya huanza linapogeuzwa amri ya kumwambia arudi huko, hata kama yeye hakuzaliwa huko wala hana shamba wala kaburi la mzazi huko.

Wakenya tumeyaona haya kwa macho yetu. Mnamo Septemba 1991, madai ya kuwa na vyama vingi yalipopamba moto, mikutano ya hadhara ya Kapsabet na Kapkatet ilihubiri majimbo, na waliohamia Bonde la Ufa wakatajwa kuwa wageni wasiotakikana. Mwezi uliofuata, moto uliwaka katika shamba la Miteitei, wilayani Nandi. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi wakapewa majina mapya: huyu mwenyeji, yule mgeni, wale madoadoa. Doa, ndugu msomaji, ni kitu cha kufutwa. Anayemwita jirani yake doa amekwisha kuamua la kumtenda.

Agosti 1997 ikawa zamu ya Likoni. Neno "mtu wa bara", ambalo mabaharia na wafanyabiashara walilitumia kwa karne nyingi bila chuki, likawa sababu ya kuuawa na kufukuzwa. Baada ya uchaguzi wa Disemba 2007 mambo yalizidi: Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Miongoni mwao ni wale waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, likachomwa moto wakiwamo ndani tarehe 1 Januari 2008.

Wala si vijana wenye mishale peke yao waliotumia majina hayo. Disemba 1994, Krismasi ikikaribia, maofisa wa serikali waliivunja kambi ya Maela, walimokuwa wakiishi watu waliofukuzwa Enoosupukia mwaka uliotangulia. Wengi walipakiwa kwenye malori usiku, wakashushwa katika Mkoa wa Kati, kana kwamba jina la kabila lao ndilo hati ya makao yao. Ndiyo hesabu ile ile ya mkoloni, aliyemfunga Mwafrika kipande shingoni na kumwekea mpaka wa kabila lake. Kipande tulikitupa. Fikra yake tukabaki nayo.

Hatukani kwamba kuna dhuluma ya ardhi. Mpwani anayeitwa maskwota juu ya udongo wa babu zake ana haki ya kulia, na jamii zilizonyang'anywa malisho na mkoloni zina haki ya kudai. Lakini tazameni ni nani hufukuzwa. Hufukuzwa mwenye ekari mbili, mwenye kioski, mwalimu wa shule ya msingi. Mwenye maelfu ya ekari haulizwi kwao ni wapi. Tume ya Ndung'u iliwasilisha ripoti yake mwaka 2004, ikaeleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria, mara nyingi kwa wakubwa na jamaa zao. Jina "mgeni" limekuwa pazia zuri la kuwaficha hao.

Sheria tunazo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 39, yampa kila raia haki ya kuingia, kukaa na kuishi popote nchini. Katiba ya zamani nayo, kifungu cha 81, ililinda uhuru wa kwenda na kukaa, na nyumba zikachomwa ikiwapo. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliyaorodhesha maneno kama "madoadoa" kuwa ya uchochezi. Ni jambo jema. Hata hivyo orodha haimzibi mtu kinywa ikiwa umati unampigia makofi.

Kwa hiyo kazi ni yetu. Mgombea akipanda jukwaani na kuwagawa wasikilizaji kuwa wenyeji na wageni, tusimpigie makofi wala kura, hasa akiwa wa kabila letu. Kanisani, mzee wa kanisa asichaguliwe kwa kuulizwa kwao ni wapi, na mimbari isikopeshwe mchochezi hata akija na mchango mnono wa harambee. Na katika vikao vyetu wanamageuzi, tukome kusema "watu wale" tunapozungumzia majirani.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakutuachia siku ya nne ya kumnyang'anya jembe hilo na kumfukuza. Aliyelima nasi, akazika nasi, akapanga foleni ya kura nasi, ni mwenyeji. Tumwite jina lolote la asili analolipenda, kisha tuketi naye.

Mungu ibariki Kenya.