DVD Saba za Baba Imani

Mwezi huu barua zenu za mapenzi naziweka pembeni kidogo, nikusimulie yaliyotokea sebuleni kwangu Jumamosi moja, siku ambayo nusura nibaki sina hata picha moja ya harusi yangu. Na usiniambie kwamba mambo ya kompyuta hayakuhusu. Kama una mume mbishi ndani ya nyumba, yanakuhusu sana tu!

Basi bwana, tuna laptopu yetu ya siku nyingi, tuliinunua ikiwa mtumba mwaka 2014, mwaka uleule tuliooana. Ilikuwa inatumia Windows 10, ambayo Microsoft walisitisha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo ikaikataa, maana inataka mashine za kisasa zaidi. Fundi mmoja Kariakoo akatushauri tununue nyingine. Baba Imani akacheka. "Ninunue nyingine, ada ya mtoto nitalipa na nini? Mama Imani, hii naipiga Linux mwenyewe. Saa moja tu, kazi imekwisha."

Ili umwelewe mume wangu, inabidi ujue alikuwa nani pale chuoni, kuanzia 2006 hadi 2009. Yeye ndiye aliyekuwa anachoma CD za bweni zima. Ukitaka muziki, unaenda kwake. Ukitaka kupiga Windows, unaenda kwake. Na Linux aliijua kwa posta: kuanzia 2005 hadi 2011 kampuni ya Canonical ilikuwa inatuma CD za Ubuntu bure popote duniani, na yeye alizipata zake ndani ya bahasha. (Ubuntu ni neno la ndugu zetu Wazulu na Waxhosa, ni huuhuu utu wetu.) Mpaka leo juu ya kabati letu la nguo kuna mnara wa DVD tupu alioubakiza enzi hizo. Nimewahi kutaka kuutupa, tukanuniana siku mbili.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo mnara ukashushwa. Akapakua Linux Mint, faili la karibu GB 3, ambalo linaenea kwenye DVD ya GB 4.7. Akachomeka DVD ya kwanza. Ikafika asilimia 90 ikagoma. "DVD mbovu hii," akasema. Ya pili, hivyohivyo. "Za siku nyingi, zimepata unyevu." Ya tatu akaifuta kwa fulana. Baada ya ya nne akamtuma Imani dukani kwa jirani kununua mpya tatu, na sauti ikaanza kupanda. Mimi nipo jikoni, nimenyamaza zangu. Wake wenzangu mnajua kuna kunyamaza kwa heshima na kunyamaza kwa kusubiri.

Ya tano ikafa. Ya sita ikachomeka! Mashine ikawaka nayo, menyu ikatokea, jamaa akapiga kofi mezani kwa furaha. Halafu ikaganda katikati, na ile droo ya kuchomea ikaanza kukoroma kama dalali aliyelala. Akaizima. Akachoma ya saba, nayo ikaganda palepale.

Hapo nikafuta mikono nikaenda kukaa naye. Nikamuuliza swali moja la kijinga: "Hivi CD ya kawaida ya dukani inasoma?" Akaweka CD ya taarabu. Ikaimba bila shida. "Unaona?" akasema, "raita ni nzima, tatizo ni hizi DVD."

Kumbe hapo ndipo watu wengi wanapopotea, na yeye na ufundi wake wote alipotea. Kusoma na kuchoma ni kazi mbili tofauti. Ili isome, ile taa ya leza inamulika kidogo tu. Ili ichome, lazima itoe mwanga mkali zaidi, ukachome rangi maalumu iliyomo ndani ya DVD. Leza ikizeeka, au jicho lake likijaa vumbi, inaweza kusoma miaka mingine mingi huku kuchoma kumeishinda. Na DVD iliyochomwa ni ngumu kusoma kuliko iliyotoka kiwandani. Kwa hiyo CD ya taarabu haikuthibitisha chochote.

Kuna vitu viwili angepaswa kuvifanya tangu DVD ya pili. Kwanza, kulihakiki faili lenyewe. Mint wanatoa namba ndefu kwenye tovuti yao, inaitwa SHA-256, unailinganisha na ya faili ulilopakua. Zikitofautiana hata herufi moja, ujue faili ni bovu, na hata uchome DVD mia hazitafanya kazi. Tukalinganisha: zilifanana. Pili, kupunguza kasi ya kuchoma, mfano 4x badala ya 8x, na kuiacha programu ihakiki DVD baada ya kuchoma. Wengi tunaiondoa ile alama ya kuhakiki kwa haraka zetu. Tulijaribu hivyo na DVD moja ya mnara. Uhakiki ukaikataa. Basi, raita imekufa, Mungu ailaze.

Lakini kilichonitoa jasho ni ile DVD ya sita. Zile zilizokufa kabisa hazina madhara, unazitundika shambani zifukuze ndege. Hatari ni ile iliyokubali nusu. Kama isingeganda mapema, mume wangu angebonyeza kitufe cha kufuta diski yote na kuweka Linux. Diski ingefutwa, kisha DVD ingekwama katikati. Windows hakuna, Linux hakuna.

"Na picha je?" nikauliza.

"Picha gani?"

Za harusi, baba! DVD aliyotupa mpiga picha iliacha kusoma miaka mitatu iliyopita. Nayo ni ya kuchomwa, rangi yake inafifia kwa joto na mwanga, na sisi tuliiweka kabatini dirishani kama pambo. Nakala nyingine pekee ilikuwa kwenye laptopu ileile. Marehemu baba yangu yumo humo, amevaa suti aliyoazima kwa mdogo wake, ananikabidhi. Sina picha nyingine ya baba yangu akicheka.

Tulikaa kimya wote wawili. Hakubisha tena.

Nikatoa flashi yangu ya GB 8 kwenye mkoba. "Flashi zina virusi," akaanza, kisha akajikatiza mwenyewe. Programu ya bure inayoitwa Rufus ikaifuta flashi na kuiandika Mint ndani ya dakika chache. (Hata kama raita ingekuwa nzima, Ubuntu 24.04 inazidi GB 5, haienei kabisa kwenye DVD ya kawaida.) Tukawasha huku tunabonyeza F12, mashine nyingine ni F9 au Esc, inategemea kampuni. Tukachagua kuanzia kwenye flashi.

Kitu nilichokipenda ni kwamba Mint inafunguka kwanza kwa majaribio, bila kugusa diski yako. Ukiwa humohumo unafungua diski ya zamani na kutoa vitu vyako. Tukachomeka diski ya nje ya ofisini kwangu, tukahamisha folda nzima. Ilichukua karibu saa mbili. Hatukuamini hesabu ya mafaili. Tulifungua picha mojamoja, zote 412, kuona kama kweli zinafunguka. Ya 207 ni baba na suti yake.

"Hii suti ilikuwa kubwa," Baba Imani akasema.

"Ilikuwa ya baba mdogo."

"Na hukuwahi kuniambia."

Saa nne usiku ndipo akabonyeza kufuta diski, mkono wangu ukiwa juu ya wake. Baada ya nusu saa Mint ikawaka. Jumatatu nikapeleka picha kumi studio zikachapishwe kwenye karatasi. Mnara umerudi juu ya kabati, umepungua kidogo, na safari hii sijamwambia autupe.