Nyani na Nchi Yake

Mkulima aliyekwenda sokoni asubuhi, akarudi adhuhuri na kukuta mistari kumi ya mahindi imevunjwa, ni vigumu kumwambia neno jema juu ya nyani. Husema ya kuwa hawa ni wazururaji wasio na kwao, waendao popote tumbo liwapelekapo. Hasira yake ina haki, lakini neno lake si kweli, na kosa hilo humpotezea mavuno. Kundi la nyani lina kwao. Lina nchi yenye maji yake, miti yake ya kulala, majira ya matunda yake na njia zake. Na mwenye shamba aijuaye nchi hiyo aweza kukisia wageni wake watatokea upande gani.

Mambo haya hayakupatikana kwa kusimuliana. Huko Amboseli, mbele ya Mlima Kilimanjaro, Bwana Stuart Altmann na mkewe Jeanne walianza kuwachunguza nyani mwaka 1963, na tangu mwaka 1971 kazi hiyo imeendelea kizazi baada ya kizazi, kila mnyama akijulikana kwa sura na kwa jina la mama yake. Kundi kubwa walilolifuata kwanza lilikuwa na nchi ya kilometa za mraba 24 hivi. Kwa siku moja kundi hutembea kwa kawaida kilometa 5 au 6, kwa hiyo haliwezi kuizunguka nchi yote kila siku, wala halijaribu. Pako mahali panapokanyagwa karibu kila siku, na pako pengine panapofikiwa mara chache tu, penye chakula cha msimu au maji ya mvua.

Jambo linalotawala safari yote ni malalo. Nyani huogopa chui, basi jua likikaribia kuchwa sharti awe amefika kwenye mti mrefu au jabali. Lakini msomaji aliyefuga ng'ombe atafurahi kusikia habari hii: nyani wa Amboseli hawalali mti mmoja siku zote. Hulala katika kichaka kimoja cha migunga usiku mmoja au mbili, kisha hukiacha kwa siku kadhaa, ijapokuwa ni kizuri na ki karibu. Watafiti Hausfater na Meade, walioandika mwaka 1982, waliona sababu yake katika mavi yaliyo chini ya miti. Mayai ya minyoo yaliyomo humo huchukua siku chache kuangua viluwiluwi viwezavyo kumwingia mnyama. Na nyani, kwa kuondoka mapema na kurudi wakati hatari imepungua, hujikinga navyo. Yako maboma ya mbuzi ambayo hayajapata kuhamishwa tangu yajengwe.

Si jamii zote za nyani na kima zitumiazo nchi kwa namna moja. Tumbili hushika eneo dogo na kulipigania. Vivyo hivyo kima weusi wa msitu wa Kakamega, ambao Bibi Marina Cords amewafuata tangu mwaka 1979: makundi mawili yakutanapo mpakani, majike na watoto wao ndio wasimamao mbele kupiga kelele na kufukuzana, na dume mara nyingi hukaa nyuma. Nyani hawana desturi hiyo. Nchi za makundi yao hupandana, na kisima kimoja chaweza kutumiwa na makundi mawili au matatu, kila moja kwa saa yake. Sababu ni hesabu rahisi. Eneo ambalo mnyama aweza kulipita kutoka ukingo hata ukingo kila siku, linalindika. Nchi ya nyani ni kubwa mno kwa miguu yake, na mlinzi asiyeweza kufika mpakani hulinda bure.

Katika jamii hizi zote tatu, dume akishakua huhamia kundi lingine, na jike hukaa alipozaliwa mpaka kufa. Kwa hiyo ujuzi wa nchi, yaani mti gani huzaa lini na shimo gani lina maji wakati wa kiangazi, umo zaidi kwa mama na bibi. Ujuzi huo si mdogo. Katika msitu wa Kibale, nchini Uganda, kima wenye mashavu ya kijivu walionekana kuurudia mti wa mkuyu zaidi baada ya siku za jua kali kuliko baada ya siku za mawingu na baridi, kama watu wajuao ya kuwa joto huivisha matunda upesi. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2006.

Nani basi huamua njia ya asubuhi? Watu wengi hufikiri ni lile dume kubwa lenye meno. Mwaka 2012, huko Mpala katika Laikipia, nyani 25 wa kundi moja walivishwa mikanda ya shingoni yenye chombo kilichoandika kila sekunde mahali walipo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Mnyama yeyote aweza kuanza safari, wala wakubwa hawafuatwi kupita wengine. Wawili wakielekea pande zinazokaribiana, wenzao hupita katikati. Wakiachana sana, kundi hufuata upande mmoja, hasa ule wenye wengi.

Hayo yote yaweza kuonekana kuwa mambo ya wasomi tu, mpaka nchi ya nyani igeuke kuwa shamba. Ndivyo ilivyokuwa Kekopey, karibu na Gilgil. Lilikuwa shamba kubwa la ng'ombe, na Bibi Shirley Strum alianza kuwachunguza nyani wa hapo mwaka 1972. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1970 ardhi ile ilikuwa imeuzwa, na wakulima wakaja, wakajenga, wakapanda mahindi. Walikuwa watu waliolipa fedha zao kwa halali, na ardhi ndiyo tegemeo la watoto wao. Nyani nao hawakuwa wamevamia mahali; walikuwa wakipita njia zile zile kutoka majabali yale yale. Tofauti ni kwamba sasa njiani palikuwa na chakula kingi, kitamu, mahali pamoja. Sehemu ya kundi moja ilijitenga ikashika zaidi kazi ya mashamba, na watafiti wakaipa jina la Wabaya. Njia nyingi zilijaribiwa kuwazuia nyani wa hapo, hata kutia katika mahindi dawa ya kuchefua moyo.

Mwisho, mwaka 1984, makundi matatu yalikamatwa na kupelekwa katika uwanda wa Laikipia, nchi iliyo kavu zaidi. Hapo ndipo ilipoonekana thamani ya kuijua nchi. Majike wazee, waliokuwa wajuzi wa kila kisima cha Kekopey, sasa walikuwa kama watoto. Walichofaidi ni madume wenyeji waliohamia katika makundi yao, maana hao waliyajua maji na vyakula vya pale, na wageni wakajifunza kwao. Makundi hayo yalidumu. Lakini kazi ilikuwa kubwa na ya gharama, nayo haiwezi kufanywa kwa kila kundi livunjalo mahindi.

Mkulima wa kawaida, basi, afadhali aanze na alilo nalo. Uchunguzi wa Kibale ulionyesha ya kuwa hasara nyingi huyapata mashamba yaliyo karibu kabisa na ukingo wa msitu. Jirani aliye nyuma huponea mgongoni mwa mwenzake. Kwa hiyo ni haki jirani huyo achangie mlinzi. Dungu lijengwe upande wa malalo, si karibu na nyumba kwa sababu ya uvivu wa kutembea. Na mahindi yasipandwe kati ya majabali na maji ikiwa pako mahali pengine pa kuyapanda.

Wala nchi ya nyani haikai vile vile daima. Migunga ya Amboseli ilipokufa kwa wingi, makundi mawili yaliyokuwa yakifuatwa yaliihama nchi yao ya zamani mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Huko Laikipia mgeni mwingine ameingia, yaani mpungate, mmea wa miiba wenye matunda mekundu ulioletwa kutoka Marekani. Nyani wameyapenda matunda hayo hata safari zao zimebadilika kuyafuata. Mbegu hupita tumboni bila kudhurika, zikaangushwa njiani na chini ya majabali ya kulala, na mwenye ng'ombe anayeona malisho yake yakijaa miiba aweza kusoma humo njia za nyani zote.