UCHAMBUZI: Mwanamke anayetoka jela Kericho aanzie wapi?

MWANAMKE anayemaliza kifungo katika Gereza la Wanawake la Kericho hurejea katika eneo lililofunikwa na majanichai, ilhali kibarua cha kuyachuma kimekuwa haba. Mashine zimechukua nafasi ya mikono katika mashamba makubwa ya Kericho na Bomet, hata wakazi wenye hasira wakateketeza baadhi yazo Mei 2023. Ikiwa waliozoea kazi hiyo wanaikosa, mwenye rekodi ya jinai ataipataje?

Kwa wakulima wadogo wanaopeleka majani katika viwanda vya KTDA kama Litein na Mogogosiek, hali si nafuu. Nambari ya mkulima mara nyingi ni ya mume, na malipo humwendea yeye. Aliyefungwa miaka miwili huenda akakuta mwanamke mwingine jikoni. Sheria humruhusu mfungwa kukaa gerezani na mtoto hadi umri wa miaka minne. Wakubwa husalia kijijini, wakilishwa maneno ya majirani.

Afisa wa probesheni aweza kumfikisha kwa chifu na kumwombea amani kwa wakwe. Lakini namna ya kumjibu mtoto anayeuliza, "Mama, ulikuwa wapi?" inajulikana zaidi na aliyewahi kuulizwa. Teresa Njoroge, aliyekuwa mfanyakazi wa benki, alifungwa mwaka mmoja Lang'ata mnamo 2011 pamoja na mwanawe mchanga. Baadaye alianzisha shirika la Clean Start, linalowakutanisha wanawake waliopitia magereza.

Je, mtindo huo utafaa vijijini? Kikundi cha waliofungwa pekee chaweza kugeuka chapa usoni: kila anayepita atajua wanaoketi pale ni akina nani. Huku tayari kuna vyama vya akina mama, na hata Hazina ya Wanawake ya 2007 ilibuniwa kukopesha vikundi. Kikwazo ni dhamana. Nani atamdhamini aliyefungwa kwa kupika chang'aa au kwa wizi?

Hapo ndipo aliyetangulia kutoka, akalipa michango yake bila kukosa na kuaminiwa tena, anapohitajika. Neno lake mbele ya wanachama lina uzito kuliko barua ya ofisi yoyote. Ila hawezi kumtetea asiyemjua, kwa hivyo Idara ya Magereza haina budi kumfungulia lango aonane na mwenzake wiki kadhaa kabla ya siku ya kuachiliwa.